Nani Alimweka Tamari Barabarani?



Jumapili iliyopita nilihubiri kutoka Mwanzo 38, na jioni hiyo nikapokea jumbe kadhaa kwenye simu kwamba mahubiri yalikatika kabla hayajafika mwisho. Ni kweli. Watu wa ibada ya pili walikuwa wameshajaa mlangoni, na mchungaji wetu mkuu hapendi watu wasimame juani. Nimeomba nafasi hii nimalizie. Tena kuna jambo nataka kukiri ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema nikiwa na maikrofoni mkononi.

Kwa wale ambao hawakuwepo, habari ni hii. Tamari aliolewa na mwana wa kwanza wa Yuda, akafiwa na mume. Akapewa wa pili, kama desturi ilivyokuwa, naye akafa. Akabaki Shela, yule mdogo. Yuda akamwambia Tamari arudi kwa baba yake, akae na ujane wake mpaka kijana akue. Kijana akakua. Yuda kimya. Miaka ikaenda, Tamari yumo ndani ya nguo za ujane, si mke wa mtu, wala si huru kuolewa na mwingine. Ndipo siku moja akavua zile nguo, akajifunika uso, akaketi kando ya barabara ya kwenda Timna. Yuda akapita, akamdhania kahaba, wakapatana bei ya mwana-mbuzi mmoja. Miezi mitatu baadaye Yuda anaambiwa kwamba mkwewe amepata mimba ya ukahaba, na hukumu yake haikuchukua hata dakika: atolewe nje, achomwe moto.

Mnajua ilivyoisha. Muhuri, kamba na fimbo ambazo Yuda aliacha kama rehani zikaletwa mbele yake, na yule aliyekuwa hakimu akakiri kwamba mwanamke ana haki kumshinda yeye, kwa sababu hakumpa Shela.

Angalieni sababu aliyoitoa. Hakusema kwamba yeye pia alizini, ingawa alizini. Alirudi nyuma kabisa, miaka mingi kabla ya siku ile ya barabarani, kwenye jambo ambalo alitakiwa kulitenda na hakulitenda.

Nilisomea biashara chuo kikuu kabla sijaitwa kwenye huduma, na mke wangu hunicheka ati hata Biblia naisoma kama mtu anayekagua vitabu vya hesabu. Sawa. Lakini ile desturi ya mjane kupewa ndugu wa marehemu ilikuwa ndiyo bima ya wakati ule. (Sisemi turudi huko. Sisi tuliotoka bara tunajua kurithi wajane kumeingiza ugonjwa kwenye boma ngapi.) Mjane hakuwa na shamba wala pensheni. Ukoo ndio uliokuwa mfuko wake, na Yuda ndiye aliyeshika ufunguo. Naye hakukataa kulipa. Alisema subiri kwanza.

Sasa nije kwetu.

Mwaka 2018 wazee walinipa kazi ya kuandika kanuni za mfuko wa ustawi wa kanisa. Nilifurahi sana, maana kabla ya hapo pesa zilikuwa zikitolewa kiholela, anayelia zaidi ndiye anayepata. Niliandika kurasa tatu safi. Mwombaji awe amechanga miezi sita mfululizo. Ajaze fomu. Apate sahihi ya kiongozi wa ushirika wake wa nyumbani. Jibu litatoka ndani ya siku kumi na nne. Misiba na harusi zipewe kipaumbele. Waliokagua hesabu mwaka uliofuata walizisifu hizo kanuni, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Kuna dada mmoja katika kanisa hili. Amesoma makala haya kabla hayajachapishwa, ameniruhusu, na akanitaka nibadilishe mambo mawili matatu ili asitambulike. Nimebadilisha, kwa hivyo tafadhali msikae kubahatisha ni nani.

Alikuwa na kibanda cha chakula karibu na yadi za makontena hapa Changamwe. Wateja wake walikuwa madereva wa matrela na utingo wao, watu wanaokula chapati nne asubuhi na kulipa bila maneno. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo inayokwenda bara ipande treni ya SGR. Mnakumbuka yale maandamano ya Jumatatu mjini. Malori yakapungua, yadi zikaanza kufuta watu kazi, na sufuria ya maharagwe iliyokuwa ikiisha saa nne ikawa inarudi nyumbani jioni. Halafu Machi 2020 ikaja korona na kafyu. Lile agizo la treni liliondolewa Septemba 2022, lakini kufikia wakati huo mabati ya kibanda yalikuwa yameshauzwa.

Mwaka 2021 mwanawe wa mwisho alishikwa na nimonia. Alikuja ofisini Jumanne mchana, anahitaji shilingi 1,800 za vipimo na dawa. Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Tulimwombea mtoto pamoja, nikasikia machozi yananilenga. Kisha nikafungua droo nikampa fomu, nikamweleza habari ya siku kumi na nne. Mfukoni nilikuwa na elfu tatu za stima. Nilijiambia nikianza kutoa zangu leo, kesho watakuja kumi.

Pesa zake zilipita siku ya kumi na tatu. Nimerudi kuangalia kitabu. Mwandiko ni wangu, nimeandika "imelipwa", tarehe na sahihi, siku moja kabla ya makataa. Na Jumapili iliyofuata alitoa fungu la kumi la hizo pesa, shilingi 180, kwenye bahasha yenye jina lake.

Mtoto alikuwa ameshapona. Dawa zilinunuliwa usiku ule ule wa Jumanne. Mimi nilidhani alikopa kwa jirani, wala sikuuliza. Ni mwaka jana tu ndipo aliponieleza zilitoka wapi. Alikwenda kule yanakolala malori, na dereva mmoja akamwongezea pesa wasitumie kinga. Mlango ukishafunguliwa mara moja, zikaja siku nyingine. Leo anameza dawa za kupunguza makali kila usiku saa tatu, na kwa neema ya Mungu virusi vimeshuka mpaka kipimo hakivioni, na madaktari wanasema mtu akifika hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. (Niseme hapa hapa: ukiombewa ukahisi umepona, mtukuze Mungu, na tembe zako endelea nazo. Daktari akupime. Uponyaji wa kweli hauogopi maabara.)

Je, aliambukizwa usiku ule? Sijui, na yeye hajui. Huenda ni usiku mwingine. Huenda ni baba wa watoto, aliyeondoka miaka ya nyuma. Nimejaribu kujificha nyuma ya hilo "sijui", na kwa wiki chache lilinipa usingizi. Lakini Yuda naye angeweza kujitetea vivyo hivyo. Angesema, mimi sikumtuma barabarani, miguu ni yake, ushungi ni wake. Yote yangekuwa kweli. Hakuyasema.

Basi swali langu ni hili: utaratibu unaweza kutenda dhambi? Mimi kama mtu sikumnyima mama yule. Kiongozi wa ushirika hakumnyima, alitia sahihi siku ya tatu aliporudi kutoka safari. Mweka hazina hakumnyima. Kila mmoja wetu alifanya wajibu wake vizuri, na tukiweka wajibu wetu pamoja tunapata siku kumi na tatu ambazo mama mwenye mtoto asiyepumua vizuri hakuwa nazo. Tumezoea kuhubiri dhambi kama kitu chenye mwenyewe: fulani alizini, fulani aliiba. Hii haina jina la mtu juu yake, ndiyo maana haijawahi kuletwa madhabahuni.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba kila uamuzi una bei, na bei yake ni kile unachokikosa ukichagua. Sikudhani ningekuja kulihitaji somo hilo kwenye uchungaji. Wachumi wawili, Jonathan Robinson na Ethan Yeh, waliwapa wanawake 192 wa Busia, kule mpakani na Uganda, daftari za kuandika mambo yao siku kwa siku. Hao walikuwa wanawake wanaouza miili. Kilichoonekana ni kwamba siku ambayo mtu wa nyumbani ameugua, hasa mtoto, ndiyo siku ambayo mwanamke yule yule alikuwa mwepesi zaidi kukubali kutotumia kinga, kwa sababu mteja asiyetaka kinga hulipa zaidi. Hakuwa amepoteza maadili Jumanne na kuyapata tena Alhamisi. Maadili yake yalikuwa pale pale. Kilichopanda ni bei ya kukataa.

Hesabu za taifa nazo zinasema jambo lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Utafiti wa serikali wa 2018 ulipata virusi kwa asilimia 4.9 ya watu wazima wa Kenya, lakini ukigawanya, wanawake ni asilimia 6.6 na wanaume 3.1. Sasa ninyi mnaosema Ukimwi ni mshahara wa dhambi moja kwa moja, mnieleze: dada zetu wana dhambi mara mbili kuliko sisi? Sisi ambao tukijijua tunajijua? Maumbile ya mwili yanachangia, ndiyo. Lakini pia inachangia nani ana pesa mkononi na nani anaomba, nani anaweza kusema "leo sitaki" akabaki na mahali pa kulala.

Nililitoa jambo hili kwenye kikao cha wazee mwezi uliopita. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenipokea nilipofika Mombasa nikiwa na begi moja, alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Pasta, mama yangu alilea watoto sita kwa kufua nguo za watu Likoni. Tulilala njaa. Hakusimama barabarani hata siku moja. Ukisema shida ndiyo iliyomsukuma huyu, unamwambia nini mama yangu?"

Sijawahi kuulizwa swali zito namna hiyo. Sikuwa na jibu siku hiyo, na sidhani nina jibu zima leo.

Nilichomwambia baadaye ni kwamba simvunjii heshima mama yake. Ushindi wake ni wa kweli, na ikiwa shida ndiyo inayoamua kila kitu basi ushindi huo haupo, na toba pia haipo, na mimi nifunge kanisa nirudi kuuza bima. Binadamu huchagua. Dada yetu mwenyewe anasema alichagua, na anakasirika mtu akimzungumzia kana kwamba alikuwa jani linalopeperushwa. Alitubu kwa machozi mbele za Mungu, nami nilikuwepo. Lakini nikamuuliza mzee, "Mlipolala njaa, mlikuwa mnaishi na nani?" Akaanza kunisimulia. Kulikuwa na bibi wa Kidigo aliyekuwa na nyumba ile ya Swahili, ambaye kodi ikichelewa alikuwa akisema mtalipa Mungu akijalia. Kulikuwa na mwenye duka aliyeandika madeni kwenye kadibodi. Mtoto akiugua, mama wa chumba cha mbele alikuwa anafahamiana na dresa wa zahanati. Alipokuwa akisimulia nilimwona anajisikiliza. Mama yake alikuwa shujaa, na pia alikuwa na watu wasiomwambia ajaze fomu. Na hata kama asingekuwa na mtu, wazee wangu, hatuwezi kuendesha kanisa kwa mpango kwamba kila mama atakuwa shujaa kila usiku.

Nikiri pia kwamba ni rahisi kwangu kumtetea huyu dada kwa sababu ni wetu. Anaketi safu ya nne. Mtihani ni wale wasioketi popote. Vijana wa unga walioko maskani kule Kisauni na Likoni, tunaowaita mateja na kufunga vioo vya gari, nao wamo ndani ya hesabu hii. Unga ukipungua sokoni, kama ulivyoadimika hapa Pwani mwishoni mwa 2010, hawaachi. Arosto inawakamata, na katika arosto mtu anachangia sindano na yeyote. Mwaka 2005 watafiti Dar es Salaam waliandika juu ya wanawake waliokuwa wakijidunga, kisha wanavuta damu yao kwenye bomba la sindano na kumpa rafiki asiye na pesa ajidunge, ili naye apate nafuu kidogo. Nilisoma hilo nikaweka kitabu chini. Yule aliyetoa damu alidhani anamsaidia mwenzake. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Mpango wa sindano safi ulipokuja Kenya mwaka 2012, viongozi wa dini wengi tuliupinga, na sitaufungua mjadala ule hapa kwa sababu wazee hawajakubaliana. Nitasema tu kwamba ndugu zetu Waislamu wa MEWA wamewahudumia mateja wa mji huu kwa miaka mingi, na sisi tunaojaza viwanja kwa kesha za ukombozi tumewatembelea mara ngapi?

Na asije mtu akafikiri kwamba hatari iko maskani na kwenye malori, na sisi wenye vyeti vya ndoa tumekaa salama. Uchambuzi wa kitaifa wa 2009 ulikadiria kwamba maambukizi mapya takriban asilimia 44 yalikuwa yakitokea kati ya watu walio kwenye ndoa au uhusiano wa kudumu. Yule dereva aliyeongeza pesa wasitumie kinga, alikuwa na pete. Dada yetu aliiona. Kuna mahali, labda Voi, labda Eldoret, kuna mke aliyekuwa akimwombea mumewe safari njema. Siku zile kumi na tatu zangu huenda zilifika mpaka kwake.

Kuna jambo lingine limebadilika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na vituo vingi nchini vilivyokuwa vikiwapokea hawa watu bila kuwatazama juu na chini vikafunga milango. Dawa zipo katika hospitali za serikali, na ni bure. Lakini kile chumba kidogo chenye nesi aliyekujua jina, ambapo hukuhitaji kueleza kazi yako mbele ya foleni, wengi wamekipoteza. Zamani kanisa lingeweza kusema kazi hiyo ina wenyewe.

Zakayo alipotubu alitubu kwa hesabu. Alitaja nusu ya mali, akataja mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na yote hayo alikuwa ameyakusanya akiwa na kibali cha Warumi. Nimelifikiria hilo sana, kwa sababu sikujua mtu anatubuje kuhusu fomu. Kwa hiyo nimewapelekea wazee pendekezo la ukurasa mmoja. Sehemu ya mfuko itengwe, ikae kwenye simu ya mama wawili watakaochaguliwa na akina mama wenyewe. Mtoto akiugua, watume M-Pesa saa hiyo hiyo, hadi shilingi 2,000, bila fomu, bila sahihi, na bila kuuliza kama mwombaji amechanga au ni wa kanisa hili. Maelezo yataandikwa kesho yake. Majina yatabaki kwa wale mama wawili, na mimi mwenyewe sitayaona.

Mweka hazina ameniuliza, je, tukidanganywa? Tutadanganywa. Kila mwenye duka anayekopesha sukari anajua kwamba madeni mengine hayatarudi, na anayaweka kwenye hesabu yake tangu mwanzo. Nimekadiria kwamba hata tukidanganywa mara moja katika kila maombi matano, kwa mwaka tutapoteza pesa kidogo kuliko tulizotumia kwa hema na viti vya kongamano la Agosti. Kongamano lilikuwa zuri, silaumu. Ninalinganisha tu.

Dada yetu amesoma pendekezo akasema 2,000 haitoshi kwa anayekwenda hospitali usiku kwa tuktuk kutoka Bangladesh au Chaani na kurudi, kisha dawa. Nimebadilisha, sasa ni 2,500.

Kikao ni Alhamisi saa kumi na moja jioni, na mara hii kiko wazi kwa washirika wote. Yule mzee bado hajakubali, hasa hapo kwenye watu wasio wa kanisa hili. Amenipigia simu juzi kusema atakuja na maswali yake yameandikwa kwenye karatasi. Nimemwambia, "Mzee, njoo nayo." Akaniuliza kama nitakuwa na chai.